Shemeji Ameacha Mateke

Kituoni walimwita Barafu, na jina lenyewe alilipenda. Alipewa jina hilo mwaka wake wa pili kazini, siku ambayo chupa hamsini za sampuli, kazi ya mwezi mzima, zilianguka kutoka mezani na kupasuka mbele ya macho yake. Wenzake walijikunyata wakisubiri mvua ya matusi. Yeye alichukua ufagio, akafagia, akanawa mikono, akauliza kama kuna aliyekatwa na kioo. Tangu siku hiyo kila jambo la kuudhi lilipelekwa kwake kwanza, maana ilijulikana kwamba Barafu hapayuki, na kadiri alivyopokea ndivyo alivyoongezewa.

Kilikuwa kituo cha utafiti wa mifugo, na mwaka huo walichunguza joto, kitu ambacho hakikuhitaji kutafutwa mbali. Lilikuwa limekaa miezi mitatu bila kubanduka. Gundi ya bahasha iliyeyukia kabatini, soli za viatu zilinata kwenye lami, na vitasa vya milango vilishikwa kwa pindo la nguo. Swali lilikuwa moja: joto lisilokwisha linamfanya nini mnyama huko ndani, ambako macho hayafiki.

Kila mnyama aliyenyonya ziwa la mama yake, awe ng'ombe, panya au mkurugenzi, ana tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Akishtuka, akiumia au akiunguzwa na jua, tezi hizo humwaga homoni ya msongo kwenye damu ili mwili uamke na kujitetea. Homoni hiyo hupatikana hata kwenye mate. Kwa hiyo Barafu, mkuu wa maabara, mwenye shahada mbili zilizotundikwa ukutani kwa mama yake, alikuwa na kazi ya kuwatia pamba mdomoni ng'ombe ishirini na wanne kila Jumatatu asubuhi, kisha kuipima pamba hiyo.

Ng'ombe kumi na wawili waliishi kwenye banda lenye feni sita na bomba la matundu lililowanyunyizia maji. Kumi na wawili wengine waliishi kwenye banda la bati tupu, refu, lisilo na dirisha, lililobuniwa na Mkurugenzi kwa mkono wake na rula yake. Yeye aliliita Banda la Kisasa, na ndoto yake ilikuwa kuona kila mfugaji amejengewa moja la aina hiyo. Saa saba mchana ndani ya Banda la Kisasa hata nzi walitambaa kwa miguu.

Maabara nayo ilikuwa chini ya bati. Zamani ilikuwa na kiyoyozi, lakini mwaka uliopita kilihamishiwa ofisini kwa Mkurugenzi, kwa barua iliyoeleza kuwa maamuzi mazito yanahitaji kichwa kilichopoa. Madirisha ya ofisi hiyo yakapigiliwa misumari ili ubaridi usivuje. Wafanyakazi wakamwita Kiyoyozi. Yeye alijua kwamba ana jina la pembeni, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia ni lipi, alijiaminisha kuwa ni la heshima.

Barafu alikuwa na mazoea yake ya kazi. Kila Jumatatu, kabla hajagusa pamba ya ng'ombe hata mmoja, alijiwekea pamba chini ya ulimi na kupima mate yake mwenyewe. Alifundishwa hivyo na mwalimu wake: kabla hujaiamini mashine, ipe kitu unachokijua, na kitu gani unakijua kuliko mate yako. Namba aliyoipata aliiandika ukurasa wa mwisho wa daftari, akalifunua upande wa ng'ombe na kuendelea na kazi. Ukurasa ule hakuurudia kuusoma, kwa sababu haukuwa wa ng'ombe.

Matokeo yalikuwa hivi. Mwezi wa kwanza wa joto, homoni ya ng'ombe wa banda la bati ilipanda sana. Walihema, walilia, walimwaga maji na kupiga mateke ndoo. Mwezi wa pili ilianza kushuka. Mwezi wa tatu ilikuwa chini kuliko ilivyokuwa kabla ya joto kuanza, na bandani kukawa kimya kama msikitini au kanisani baada ya watu kutoka. Ng'ombe wa banda la feni walikuwa palepale walipokuwa siku zote.

Mkurugenzi aliisoma karatasi hiyo Jumatatu asubuhi, ndani ya ofisi yake, akiwa amevaa sweta.

"Unaona?" akasema. "Wamezoea."

Neno hilo lilikuwa limemfanyia kazi nyingi. Maji ya bomba yalipokatika kituoni kwa majuma mawili, watu walizoea. Likizo zilipopunguzwa, walizoea. Kila kelele iliyozimika yenyewe aliihesabu kuwa tatizo lililotatuliwa, na hapo kituoni kelele nyingi zilikuwa zimezimika.

"Bado sijajua kwa nini imeshuka, Mkurugenzi," Barafu akasema. "Pengine wamezoea. Pengine wamechoka."

"Wangechoka wangelalamika." Akasukuma ripoti mezani, kurasa nne, tayari imepigwa chapa. "Wageni wetu wanakuja Ijumaa. Wale wanaotaka kuwajengea wafugaji wote mabanda yetu. Feni tutazitoa bandani Jumatano, tuzifunge ukumbini, wageni wapate hewa. Na hazirudi. Kama hawa wa bati wameridhika bila feni, wale wengine wanadekezwa kwa faida ya nani? Weka sahihi hapo. Bila sahihi ya mkuu wa maabara haiendi popote, unajua taratibu."

Ripoti ilisema kwamba ng'ombe wa Banda la Kisasa wameridhika na hali yao. Imeandikwa hivyo, wameridhika, kana kwamba waliitwa kikaoni wakaulizwa. Barafu aliisoma mara mbili. Alijua kwamba sahihi yake ikikaa pale, ng'ombe ishirini na wanne wataokwa hapo kituoni, na baada yao maelfu ya ng'ombe wa wafugaji watakaoiamini sahihi hiyo. Alitaka kukataa. Akaitafuta hasira mahali ilipokuwa ikikaa zamani, chini kidogo ya koo, akakuta hapana kitu. Hakuogopa, hakuchukia, hakuona hata aibu. Aliona tu kwamba kusaini ni kufupi kuliko kutosaini.

Akasaini. Kalamu ilikuwa ya Mkurugenzi, yenye wino mzuri.

"Ndiyo maana nakupenda wewe," Mkurugenzi akasema. "Huna makuu."

Akitoka alipitia banda la bati. Mkamuaji alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, ndoo katikati ya magoti. Walimwita Redio kwa sababu haikujulikana swichi yake iko wapi. Siku hiyo hata yeye alikuwa kimya, na alikuwa anamkamua ng'ombe namba saba.

Namba saba Redio alimwita Shemeji. Alisema anafanana na shemeji yake mmoja: hakumtaka, na hakulificha hilo. Kwa miaka minne ng'ombe yule alikuwa amempiga mateke ya magoti, ya mbavu na mara moja ya kidevu, na Redio alionyesha makovu yake kwa wageni wa kituo bila kuombwa.

"Dada Barafu, leo wiki ya tatu hajanigusa huyu," akasema bila kuinua kichwa.

"Si umepumzika?"

"Nimepumzika nini. Tazama." Redio akampiga Shemeji kofi la paja, kofi ambalo zamani lingemrusha mtu hospitali. Shemeji akageuza kichwa polepole, akamtazama, akakirudisha. "Jana nimemkanyaga kwato kwa makusudi. Nikamwomba radhi mwenyewe. Nilikuwa na ng'ombe hapa. Bosi anasema amekuwa mpole. Mimi nakwambia huyu ameondoka, ametuachia ngozi tushike."

"Maziwa?"

"Nusu ndoo. Na yanatoka kama yanaomba ruhusa."

Barafu alimtazama Shemeji, akaandika nusu ndoo, akaenda zake. Jioni hiyo alikuwa nyumbani, kwenye nyumba ya bati vilevile, akikunja nguo, mumewe alipoingia. Mumewe alikuwa fundi saa, na kwa mtu anayetengeneza saa alikuwa hodari wa kuchelewa. Alivua viatu mlangoni, akaketi, akamtazama mkewe kwa upendo wa kweli.

"Mama watoto, lazima nikushukuru," akasema. "Zamani ningeingia saa hizi ungeniuliza nilikuwa wapi, na nani, na kwa nini simu haipokelewi. Siku hizi nyumba ina amani. Leo nimewaambia wenzangu, wakataka kujua nimefanyaje. Nimewaambia sijafanya kitu, mke wangu amekua."

"Chakula kiko mezani," Barafu akasema.

Alikuwa amekunja shati la tatu alipogundua kwamba kweli hakujua mumewe alikuwa wapi, wala hakutaka kujua. Akajaribu kutaka, kwa kupima tu. Haikuja. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kumuuliza, akakumbuka: ilikuwa kabla ya joto. Akamfikiria Shemeji anavyogeuza kichwa.

Kesho yake alifika maabara kabla ya mtu yeyote, akalifungua daftari ukurasa wa mwisho. Namba zake zilikuwa zimepangana pale, Jumatatu baada ya Jumatatu, kwa mwandiko wake mwenyewe. Kabla ya joto, nane, nane, tisa. Mwezi wa kwanza, kumi na tano, kumi na sita. Mwezi wa pili, kumi, saba. Mwezi wa tatu, nne, tatu, tatu. Akafungua ukurasa wa Shemeji, akaweka kidole kimoja huku na kimoja kule, akashuka navyo pamoja hadi chini. Namba zilipanda pamoja, zikaanguka pamoja.

Mtu mwingine angelia. Barafu alisema "Mh," akanoa penseli.

Lakini alikuwa mtu wa kazi, na kazi haihitaji hasira. Kuna njia moja ya kutofautisha mnyama aliyetulia na mnyama aliyekwisha: mshtue. Aliyetulia ana akiba, homoni yake itaruka juu. Aliyekwisha hana cha kuruka nacho. Akamfuata Redio, na siku hiyohiyo ya Jumanne, feni zikiwa bado mahali pake, wakawapitisha ng'ombe wote mmoja mmoja kwenye ule mlango mwembamba wa chuma wanamobanwa wakati wa chanjo. Kila aliyebanwa, Redio alipiga sufuria tupu nyuma ya masikio yake kwa mwiko na kumtukana kwa sauti, kazi aliyoifanya kwa moyo wote. Baada ya nusu saa Barafu alichukua pamba.

Ng'ombe wa banda la feni waliruka kutoka saba hadi ishirini na mbili. Wawili walimwangusha Redio na mmoja aliondoka na mwiko. Ng'ombe wa banda la bati walitoka kwenye tatu wakafika nne. Shemeji alisimama kwenye chuma akisikiliza matusi hadi mwisho, na mlango ulipofunguliwa hakutoka hadi aliposukumwa.

Barafu akayaandika yote. Jumatano feni zikang'olewa. Alhamisi aliomba kumwona Mkurugenzi, akaambiwa anaandaa hotuba, na isitoshe ameshasaini.

Ijumaa wageni walikuja watatu, wakiongozwa na mama mmoja mwenye miwani minene aliyeandika kila alichoambiwa. Feni sita ziliwashwa ukumbini kwa pamoja, pamoja na vipaza sauti na kiyoyozi cha ofisini, na waya wa upande wa ofisi ukaungua saa mbili unusu. Fundi umeme alisema itachukua muda. Mkurugenzi, aliyekuwa amejifungia anarudia hotuba yake, alikaa dakika arobaini ndani ya chumba chenye madirisha yaliyopigiliwa misumari. Alipotoka sweta lilikuwa begani, shati limeganda mgongoni, na alikuwa amemfokea fundi umeme, mfagizi, na mlango.

Alipofika mbele ya wageni alikuwa amejifuta na kutabasamu. Akawaeleza utafiti. Homoni ikiwa juu, akasema, mnyama anateseka. Ikiwa chini, ameridhika. Jambo ni jepesi kama hilo. Kisha likamjia wazo ambalo halikuwa kwenye hotuba.

"Na ili mwone jinsi tunavyofanya kazi," akasema, "mnipime mimi mwenyewe. Siku tulipozindua utafiti huu nilipimwa, na namba yangu ilikuwa sita. Sita tu. Kiongozi lazima awe mtulivu. Barafu, leta pamba."

Barafu akaleta pamba. Mkurugenzi akakaa nayo chini ya ulimi kwa dakika mbili, ambazo ndizo dakika mbili pekee za ukimya wake ambazo wafanyakazi wengi walikuwa wamewahi kuzishuhudia. Wageni wakapelekwa kutembezwa na kula, naye Barafu akaingia maabara.

Saa nane wakarudi ukumbini, wafanyakazi wakiwa wamesimama nyuma. Mkurugenzi akamwita Barafu asome matokeo, akakunja mikono kifuani.

"Mkurugenzi," Barafu akasoma, "thelathini na moja."

Namba hiyo ikaandikwa daftarini mwa wageni.

"Samahani," yule mama mwenye miwani akasema, akirudi nyuma kurasa mbili kwenye daftari lake. "Umetuambia ya juu ni kuteseka. Ng'ombe wako wa Banda la Kisasa wana ngapi?"

"Tatu," Barafu akajibu.

"Kwa hiyo anayeteseka hapa ni Mkurugenzi."

Redio alikohoa kikohozi kirefu kilichomlazimu atoke nje. Mkurugenzi akacheka kicheko cha mtu anayetafuta mlango, akasema kwamba mashine ni ya zamani, akasema kwamba majukumu ni mengi, akasema kwamba kwa kweli watu hawajui anavyoumia kwa ajili ya kituo hiki. Alikuwa karibu kuomba kiyoyozi cha pili.

"Mashine ni nzima," Barafu akasema. Alisema kwa sauti yake ileile ya kila siku, ya kutangaza kwamba chai iko tayari. "Sikulinganishi na ng'ombe, Mkurugenzi. Nalinganisha kila mmoja na yeye mwenyewe alivyokuwa mwanzo. Wewe leo umekaa kwenye joto dakika arobaini. Mwili wako umepiga kelele, kama inavyotakiwa. Wewe ni mzima kabisa. Ng'ombe wa banda la bati mwezi wa kwanza walipiga kelele hivyohivyo. Hawakusikilizwa. Sasa wana miezi mitatu na hawana cha kupigia kelele. Jumanne tumewashtua. Wa feni wameruka hadi ishirini na mbili. Hawa wamefika nne. Hawajaridhika. Wameisha."

Kalamu ya yule mama ilikuwa inakimbia.

"Lakini ripoti umeisaini," Mkurugenzi akasema taratibu. "Sahihi yako hii hapa."

"Nimesaini. Naiondoa." Akageuza daftari, akalifunua ukurasa wa mwisho, akaliweka mbele ya wageni. "Hizi namba ni zangu. Mimi nakaa kwenye bati pia. Jumatatu nilipoletewa ripoti nilikuwa na tatu. Nilitaka kukataa nikashindwa, na sikushindwa kwa woga. Sikuwa na kitu cha kukatalia. Msichukue sahihi ya mtu mwenye tatu."

Mkurugenzi akamtazama kwa mshangao usio na unafiki wowote, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Barafu," akasema, "wewe una shida gani? Hujawahi kulalamika hata siku moja."

Wageni waliinamia daftari, wakanong'ona, wakaenda kumtazama Shemeji kwa macho yao. Yule mama mwenye miwani alimpapasa paji la uso kwa muda mrefu, machozi yakimlengalenga. Kabla gari lao halijaondoka walikuwa wametoa maagizo: mabanda ya bati yasijengwe popote, feni zirudishwe bandani leo hii, na banda la bati lipewe feni zake, maji yake na dari.

Kuhusu maabara hawakusema lolote. Maabara haikuwa na ng'ombe. Wiki mbili baadaye Barafu aliletewa kutoka kwao bahasha kubwa yenye cheti kizuri, kimewekewa fremu, cha kumpongeza kwa kufanya kazi katika mazingira magumu bila kulalamika. Mkurugenzi alimkabidhi mwenyewe, akapiga picha naye.

Barafu alikitazama cheti, akakiegesha ukutani. Kisha akachukua meza yake ndogo, kiti, daftari na sanduku la pamba, akavihamishia kwenye banda la ng'ombe, chini ya feni ya tatu, kati ya Shemeji na namba nane. Alipoulizwa anafanya nini alisema sampuli zikiwa karibu kazi inakwenda upesi. Wenzake walisema sasa joto limempanda kichwani. Redio alimkaribisha na kumweleza habari za familia yake yote tangu babu, na maji ya bomba yakawanyunyizia wote watatu bila ubaguzi, yeye, Redio na Shemeji.

Nje joto bado lilikuwapo. Wiki ya kwanza hakuona tofauti, isipokuwa usingizi ulimjia mapema. Wiki ya tatu aliota ndoto. Wiki ya tano, asubuhi, Redio alikuja mezani kwake akichechemea, uso ukimeremeta.

"Kanipiga," akasema.

"Wapi?"

"Goti. Halafu nilivyoinama kuliona goti, kanipiga bega." Redio alikuwa anajipangusa macho kwa mkono wa shati. "Ndoo kaitupa hadi kwa jirani. Dada Barafu, Shemeji karudi nyumbani."

Barafu akainuka akaenda kumtazama, na Shemeji akamrushia jicho moja la dharau lililomtosha. Akacheka, kicheko kikubwa kilichomshtua mwenyewe. Wakati huohuo Mkurugenzi akaingia bandani, akiwa ameshika karatasi na kuruka madimbwi.

Ilikuwa ripoti mpya. Kurasa tano safari hii. Ilisema kwamba chini ya uongozi na maono ya Mkurugenzi, kituo kimegundua kuwa homoni ikishuka kwa mnyama aliyekaa kwenye joto muda mrefu, si lazima awe ameridhika. Jina la Barafu lilikuwa mwishoni, kwenye orodha ya wanaoshukuriwa, baada ya dereva.

"Weka sahihi hapo," Mkurugenzi akasema. "Na hii meza irudi maabara leo, si picha nzuri, mtaalamu kukaa na mifugo. Najua kuna kajoto kidogo kule. Utazoea."

Kitu kikasogea chini kidogo ya koo la Barafu. Kilianza kidogo, kikaomba nafasi, kikapewa, kikapanda. Masikio yakamwaka. Mikono ikaanza kutetemeka, naye akaitazama mikono yake kwa furaha, jinsi mtu anavyowatazama wageni aliodhani wamekufa njiani.

"Sisaini," akasema.

"Unasemaje?"

"Nasema sisaini. Utafiti nimeufanya mimi, na Redio kapigwa mateke kwa ajili yake. Andika upya. Meza yangu inarudi maabara siku kiyoyozi kitakaporudi maabara. Na jina wanalokuita watu hapa ni Kiyoyozi, kama ulikuwa hujui."

Sauti yake ilikuwa imefika hadi getini. Mlinzi alitoka kibandani kwake kuangalia. Mkurugenzi alirudi nyuma hatua mbili, na hapo alikuwa amekaribia mno miguu ya nyuma ya ng'ombe namba saba. Redio alimvuta kwa mkono dakika ileile. Baadaye alijuta sana kwa hilo, na alisema hivyo kwa kila aliyepita.

Alipobaki peke yake Barafu alijiwekea pamba chini ya ulimi. Kumi na tisa. Akaiandika ukurasa wa mwisho kwa wino, akaipigia mstari chini, akaisoma tena.

Jioni mumewe aliingia nyumbani muda wake wa siku zote, yaani baada ya muda. Akavua viatu mlangoni, akasalimia, akatundika koti, akaelekea mezani akipiga mluzi.

"Ulikuwa wapi?" Barafu akauliza.

Mluzi ukakatika. Miezi mitano mtu huyo hakuhitaji jibu la swali hilo, na hakuwa nalo hata moja. Alimtazama mkewe, akaitazama saa ya ukutani aliyoitengeneza kwa mikono yake, akaona haitamsaidia.

"Nakuuliza wewe, baba watoto," akasema, akavuta kiti, akaketi kusubiri.